Mtoto Kiziwi, Shule na Lugha katika Nchi ya Rufiji

Katika Kiswahili neno kusikia limebeba mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni kazi ya sikio. Wa pili ni utii na ufahamu. Kamusi ya Johnson ya 1939 iliziweka maana hizo pamoja, na usemi wa kila siku haukuzitenga kamwe. Mtoto msikivu ni mtoto mtiifu. Mtoto asiyesikia ni mkaidi, na methali humwonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Matumizi hayo ni ya kale, wala hayana kosa katika mazungumzo ya watu wazima. Lakini ndani ya darasa huleta hatari. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi asemapo kwamba mtoto fulani hasikii, neno lenyewe halimfunulii kama yu mbele ya utundu au yu mbele ya masikio yaliyokufa. Basi mara nyingi mtoto huadhibiwa kwa ukaidi asio nao, huhesabiwa kuwa mjinga kwa maswali asiyoyapata, na mwisho hubaki nyumbani, na daftari la mahudhurio humwandika kuwa mtoro.

Habari zinazofuata zaeleza jinsi elimu ya watoto viziwi ilivyoingia Tanzania, na jinsi ilivyowafikia kwa shida watoto wa delta ya Rufiji na Kibiti. Kwa kawaida historia hiyo huandikwa kama historia ya majengo, wafadhili na sheria. Hayo yote yamo. Lakini ukiitazama kutoka mahali kama Rufiji, ambapo vijiji vimetengwa na maji, huonekana kuwa zaidi ya yote ni historia ya lugha. Kiziwi hazuiliwi na ukimya peke yake. Huzuiliwa na kukosa watu wa kusema nao.

Nchi na hesabu yake

Mto Rufiji, ukisha kupita Utete, hukaribia bahari kwa kugawanyika katika mikono mingi, na midomo yake, kama vile Simba Uranga, Kikunya, Msala na Kiasi, huelekea kisiwa cha Mafia. Katikati ya mikono hiyo imo misitu ya mikoko ipatayo hekta 53,000, iliyo mikubwa kuliko yote ya namna hiyo mahali pamoja katika pwani ya Afrika Mashariki. Kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Wakazi wa visiwa vya delta hulima mpunga, huvua samaki na kamba, na husafiri kwa mitumbwi na mashua kwa kufuata kujaa na kupwa kwa maji. Bandari ya Nyamisati ndiyo mlango wao wa kutokea nchi kavu. Mji wa Kibiti uko bara kidogo, katika barabara itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi, umbali wa kilomita kama 140 kutoka Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 2010 Wilaya ya Kibiti ilimegwa kutoka Wilaya ya Rufiji, na sehemu kubwa ya delta ikaingia upande wake.

Lugha za nchi hii ni Kindengereko, Kirufiji na semi za watu wa delta waitwao Wanyagatwa, pamoja na Kiswahili. Eva-Marie Ström, katika uchunguzi wake wa Kindengereko uliotoka 2013, alionyesha jinsi vijana wanavyozidi kukiacha Kindengereko na kushika Kiswahili. Hata hivyo mtoto mwenye masikio mazima hufika darasa la kwanza akiwa na lugha moja kamili walau, na mara nyingi mbili. Hakufundishwa na mtu. Alizipata kwa kukaa jikoni, mtumbwini na shambani, watu wazima wakisema huku na huku.

Mtoto aliyezaliwa kiziwi hazipati kwa njia hiyo. Hesabu za kitabibu zakadiria kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa, mmoja au wawili huwa na uziwi mzito. Katika kijiji cha watu 1,000, ambamo watoto 40 huzaliwa kila mwaka, watoto 1,000 huhitaji miaka 25 kuzaliwa. Maana yake ni kwamba kijiji hicho chaweza kupata mtoto mmoja au wawili waliozaliwa viziwi katika muda wa robo ya karne. Wengine huongezeka kwa maradhi: homa ya uti wa mgongo, surua, matumbwitumbwi, masikio yatokayo usaha bila kutibiwa, na dawa zidhuruzo sikio, kama kwinini na baadhi ya sindano za kuua vijidudu, zitumiwapo kupita kiasi. Lakini hata wakiongezwa hao, mtoto kiziwi wa kisiwani aweza kukua bila ya kumwona kiziwi mwingine wa rika lake. Wazazi wake nao karibu daima ni watu wasikiao. Hesabu zilizofanywa Marekani zaonyesha kuwa ndivyo ilivyo kwa zaidi ya watoto viziwi 9 katika kila 10.

Zipo jamii chache duniani ambazo hesabu hiyo imepinduka. Kijiji cha Adamorobe, Ghana, kilikuwa na viziwi wengi kwa urithi wa damu vizazi hata vizazi, na humo ilizaliwa lugha ya alama ijulikanayo na wasikiao pia. Hali hiyo si ya Rufiji. Katika delta kila nyumba yenye mtoto kiziwi hulazimika kujitungia ishara zake peke yake: ya kula, ya kulala, ya mto umejaa, ya njoo. Ishara hizo hutosha kwa shughuli za siku. Hazitoshi kueleza jambo la jana, wala sababu, wala ahadi, na mtu wa nyumba ya pili hazielewi.

Kabla ya shule za viziwi

Si kweli kwamba pwani haikuwa na fikira yoyote juu ya watu hawa kabla ya wageni kuja na shule. Sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa pwani kwa madhehebu ya Shafii, iliipa ishara ya bubu nafasi yake: ishara yake inayofahamika husimama mahali pa tamko la ulimi katika mambo kama kuuza, kununua na kuoa. Kanuni hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa inakubali kwamba akili haikai ulimini, na kwamba mkono waweza kufunga mkataba.

Lakini kanuni ya mahakamani haikuwa kanuni ya chuoni. Elimu ya kwanza ya mtoto wa pwani ilikuwa chuo cha Kurani, na msingi wa chuo ni sauti. Mwalimu husoma, mtoto huitikia. Makosa husahihishwa kwa sikio. Kiziwi hakuwa na mahali katika kazi hiyo. Alipata elimu yake kazini. Alifundishwa kusuka nyavu, kupiga kasia na kulima kwa kutazama, na wengi walikuwa mafundi hodari. Wakati wa mavuno ya mpunga familia za Rufiji zilikuwa na desturi ya kuhamia mashambani na kukaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa kwa nguzo, ili kuamia ndege na kufukuza wanyama. Watoto walikwenda pamoja na wazazi, na desturi hiyo iliwafanya hata watoto wasikiao wakose masomo. Kwa mtoto kiziwi dungu lilikuwa rahisi kugeuka makao ya daima, kwa sababu hakuna aliyeona anachokosa kule kijijini.

Maneno yenyewe yalimzidishia taabu. Kiswahili kina kiziwi, mtu asiyesikia, na bubu, mtu asiyesema. Kamusi zayatenga maneno hayo mawili, lakini watu huyachanganya, kwa kuwa mtoto aliyezaliwa bila kusikia kwa kawaida hasemi. Hivyo hali moja huonekana kuwa hali mbili, ya sikio na ya ulimi, ilhali ulimi wake hauna ugonjwa. Hasemi kwa kuwa hakusikia cha kuiga.

Mzozo ulioletwa na shule

Shule za viziwi zilipokuja Afrika Mashariki zilikuja na mzozo wa karne mbili ndani yake, na bila kuujua mzozo huo ni vigumu kuelewa yaliyotokea madarasani. Huko Paris, kama mwaka 1760, padri Charles-Michel de l'Épée alianza kuwafundisha viziwi kwa kutumia ishara zao wenyewe. Huko Leipzig, mwaka 1778, Samuel Heinicke alifungua shule iliyoshika njia nyingine, ya kumfunza kiziwi kutamka na kutazama midomo. Njia ya kwanza ilivuka bahari mwaka 1817, wakati Thomas Gallaudet na Laurent Clerc, ambaye alikuwa kiziwi mwenyewe, walipofungua shule Hartford, Marekani. Njia ya pili ilipata ushindi mwaka 1880, mkutano wa walimu uliofanyika Milano ulipoamua kwamba matamshi peke yake ndiyo yafundishwe. Viziwi waliokuwamo katika mkutano huo walikuwa wachache mno. Kwa miaka mingi baada ya hapo walimu wengi wa Ulaya waliziona ishara kuwa ni uvivu wa kujifunza kusema.

Ushindi huo ulianza kuvunjika mwaka 1960, William Stokoe alipotoa uchunguzi wake wa lugha ya alama ya Marekani na kuonyesha kuwa ina vipande vidogo vinavyopangwa kwa kanuni, sawasawa na sauti za lugha isemwayo. Umbo la mkono, mahali pa mkono na mwendo wa mkono hufanya kazi ileile inayofanywa na konsonanti na irabu. Baadaye, mwaka 2010, mkutano wa kimataifa wa walimu wa viziwi uliokutana Vancouver ulikataa rasmi maazimio ya Milano. Lakini shule nyingi za Afrika zilianzishwa katikati ya tarehe hizo, wakati fikira mpya zilikuwa bado hazijawafikia walimu.

Kutoka Tabora hata Buguruni

Tanganyika ilipata shule ya wasioona kwanza, huko Buigiri karibu na Dodoma, mwaka 1950. Shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963, miaka 13 baadaye na miaka miwili baada ya uhuru. Huko Kenya shule za Mumias na Nyang'oma zilikuwa zimekwisha kuanza mwaka 1961, na huko Accra Andrew Foster, mmisionari Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi, alikuwa amefungua shule yake mwaka 1957. Kuchelewa kwa viziwi nyuma ya wasioona kuna sababu yake. Mtoto asiyeona huja shuleni akiwa na lugha. Kinachotakiwa ni kumpa maandishi ya nukta na kumwelekeza njia. Mtoto kiziwi hutakiwa kupewa lugha kwanza, na walimu wa kazi hiyo hawakuwapo.

Jina la kwanza la shule ya Tabora liliwaita watoto wake viziwi na bubu kwa pamoja, na jina hilo laonyesha lilivyokuwa lengo la siku zile: kumwondolea mtoto ububu, yaani kumfanya aseme. Kwa mtoto wa Rufiji shule hiyo ilikuwa mbali mno. Ilimpasa atoke kisiwani kwa mashua, afike Dar es Salaam kwa njia ya udongo isiyopitika vyema wakati wa masika, kisha apande gari la moshi la Reli ya Kati, ambayo tangu 1912 ilikuwa imefika Tabora, safari ya kilomita 800 na zaidi. Mzazi alitakiwa kumkabidhi mtoto asiyeweza kuelezwa aendako wala siku atakayorudi. Si ajabu kwamba wengi hawakuthubutu.

Mwaka 1974 ilifunguliwa Shule ya Viziwi Buguruni, Dar es Salaam, na mwaka 1981 Shule ya Viziwi Mwanga, Kilimanjaro, chini ya Kanisa la Kilutheri. Nyingine zilifuata katika mikoa ya kusini na ya ziwa. Kwa Mkoa wa Pwani Buguruni ilikuwa badiliko kubwa, kwa kuwa safari ya siku kadhaa ikawa safari ya siku moja au mbili. Hata hivyo nafasi zilikuwa chache, na shule moja ilitakiwa na watoto wa jiji zima na wa mikoa jirani. Mtoto wa delta alikuwa wa mwisho katika foleni hiyo, si kwa uamuzi wa mtu yeyote, bali kwa kuwa habari za shule zilimfikia mwisho.

Lugha iliyozaliwa bwenini

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo halikuwa katika mipango ya waanzilishi. Katika shule kadhaa ishara zilikatazwa darasani. Lakini shule zilikuwa za bweni, na bwenini hapakuwa na mwalimu. Watoto walioletwa kila mmoja na ishara chache za nyumbani walikutana, wakachanganya ishara zao, wakazirekebisha, wakawafundisha wadogo. Katika muda usio mrefu kila shule ilikuwa na lugha yake ya alama. Jambo la namna hiyohiyo lilishuhudiwa na wataalamu huko Nicaragua tangu mwisho wa miaka ya 1970, watoto viziwi walipokusanywa Managua kwa mara ya kwanza na lugha mpya ikachipuka kati yao mbele ya macho ya walimu wasioielewa. Tanzania ilikuwa na mifano kadhaa ya jambo hilo, iliyotangulia ule wa Nicaragua, ila hapakuwa na mtu aliyeiandika siku zile.

Kwa kuwa shule hazikuwasiliana, ishara za Tabora hazikuwa ishara za Buguruni, na za Buguruni hazikuwa za Mwanga. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, kilichoanza katika miaka ya 1980, kilijitwalia kazi ya kuzikusanya na kuzilinganisha, na mwaka 1993 kikatoa kamusi ya lugha ya alama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ukatoa kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania iliyotungwa na Henry Muzale. Wasomaji wa historia ya Kiswahili wataikumbuka kazi inayofanana na hiyo. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na tangu 1930 Kamati ya Lugha ikafanya kazi ya kusawazisha maandishi. Tofauti ni kwamba Kiswahili kilikuwa na serikali nne nyuma yake, na mitambo ya kupigia chapa, na shule zilizoamriwa kukitumia. Lugha ya alama ilisanifiwa na wenyewe, kwa fedha chache, huku baadhi ya shule zikiwa bado zinaizuia.

Katika nchi jirani lugha ya alama ilipata kutajwa katika katiba: Uganda mwaka 1995, na Kenya mwaka 2010. Tanzania ilipitia njia ya sheria za kawaida. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, iliitaja lugha ya alama na kuweka haki ya elimu, mwaka mmoja baada ya nchi kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu hao.

Shule yamfuata mtoto

Wakati shule za viziwi zilikuwa zikiwaita watoto waje, siasa nyingine ilikuwa ikizipeleka shule za kawaida kwa watoto. Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kuiona. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali ilianzisha Operesheni Rufiji, ikawahamisha watu wengi wa bonde la mto hadi vijiji vya ujamaa katika ardhi ya juu, na moja ya sababu zilizotolewa ilikuwa kuwapatia watu shule, zahanati na maji mahali pamoja. Kisha Azimio la Musoma la 1974 likaamuru kila mtoto apate elimu ya msingi, na hata 1977 shule zilikuwa zimeenea vijijini kwa wingi usiopata kuonekana. Mwaka 2016 ada ya elimu ya sekondari ya kawaida iliondolewa. Kwa mtoto wa delta mambo haya yalipunguza umbali wa miguu na mzigo wa fedha.

Fikira za kimataifa nazo zilielekea hukohuko. Tamko la Salamanca la 1994 lilishauri watoto wenye ulemavu wapokewe katika shule za jirani zao pamoja na wenzao, na Tanzania ikaweka mikakati ya elimu jumuishi tangu 2009. Shabaha ni njema. Mtoto hubaki na mama yake, hukua pamoja na ndugu zake, na kijiji hujifunza kwamba ni wake. Kwa mtoto asiyetembea au mwenye macho mabovu, kuandikishwa katika shule ya jirani huwa ni nusu ya ushindi.

Kwa mtoto kiziwi peke yake shauri hili lina mtego. Akiwekwa katika darasa la watoto 60 wasikiao, pamoja na mwalimu asiyejua ishara hata moja, atakuwa ameandikishwa bila kufundishwa. Atanakili ubaoni kwa mwandiko mzuri, na wakaguzi wataliona daftari lake limejaa, lakini hatajua alichonakili. Zamani alikuwa mpweke nyumbani. Sasa yu mpweke katikati ya watu. Hesabu iliyotolewa juu yahusu hapa: ikiwa kijiji kina mtoto kiziwi mmoja kwa muda mrefu, basi kumweka kila mmoja katika shule ya kijiji chake ni kuwatawanya watu ambao lugha yao huhitaji mkusanyiko ili iishi. Bweni la Tabora, pamoja na ugumu wake wote, liliwapa watoto kitu ambacho sera iliyo bora zaidi kwa maandishi yaweza kuwanyang'anya.

Yatakiwayo darasani

Misaada ya darasani hutofautiana kwa kadiri ya usikivu. Wapo watoto wengi ambao si viziwi kabisa, bali husikia kwa uzito. Hao hunufaika na mambo yasiyo na gharama: kukaa mbele, mwalimu kusimama mahali ambapo mwanga wa dirisha humwangukia usoni, si mgongoni, kutosema huku ameugeukia ubao, kuandika jina la somo na maneno mapya kabla ya kuanza. Masikio yatokayo usaha yatazamwe na kutibiwa zahanati mapema. Shimesikio, yaani chombo cha kukuzia sauti, husaidia pale palipo na betri, na fundi, na kipande cha sikioni kinachobadilishwa mtoto akuapo. Chumvi na unyevu wa pwani huviharibu upesi vyombo vya namna hiyo. Upasuaji wa kupandikiza chombo ndani ya sikio ulianza Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017, lakini huhitaji mazoezi ya miaka baada yake, na mazoezi hayo yako mbali na Msala au Kiasi. Chanjo nazo zahesabiwa kuwa msaada wa shule, kwa kuwa zapunguza idadi ya viziwi wa kesho: ya surua ya tangu miaka ya 1970, na ya rubela iliyoongezwa 2014. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba asilimia 60 ya uziwi wa watoto ingeweza kuzuiwa.

Lakini kwa mtoto kiziwi kabisa kuutazama mdomo hakutoshi, na Kiswahili chenyewe chatoa ushahidi. Sauti p, b na m zote hufanywa kwa kufunga midomo, na kwa macho hazina tofauti. Papa, baba na mama ni neno moja kwa mtu atazamaye tu. Sauti k, g na ng' hufanyika nyuma ya kinywa, mahali ambapo jicho halifiki. Mtoto wa mvuvi aambiwaye habari za papa, akadhani ni habari za baba yake, hana kosa. Njia iliyo salama ni kumpa kwanza lugha ambayo macho yake huiona yote, kisha kumfundisha Kiswahili cha maandishi kwa kuipitia lugha hiyo, kama mtu afundishwavyo lugha ya pili.

Katika kazi hiyo Kiswahili kina wepesi wake na uzito wake. Wepesi ni tahajia: herufi hufuata sauti bila hila, silabi huishia kwa irabu, na neno laweza kuandikwa kwa alfabeti ya vidole bila mashaka. Uzito ni upatanisho wa ngeli. Katika sentensi Mtoto mdogo anasoma kitabu kikubwa, mtoto na kitabu kila kimoja hulazimisha alama yake katika maneno mengine, na alama hizo husikika mara elfu kabla mtoto asikiaye hajafika shule. Kiziwi hukutana nazo kwa mara ya kwanza ubaoni. Lugha ya alama ina sarufi yake, iliyotumia nafasi na mwendo wa mikono, wala haina viambishi vya namna hiyo. Ndiyo maana mwanafunzi kiziwi mwenye akili nyingi huandika maneno sahihi yasiyopatana, na msahihishaji asiyejua chanzo humhesabia makosa ya uzembe. Makosa hayo ni ya mtu ajifunzaye lugha ya pili, na dawa yake yajulikana kwa kila aliyewahi kumfundisha Kiswahili mgeni: vielelezo vingi, kurudiarudia, na kupanda kwa hatua. Lakini vitabu vya kufundishia Kiswahili wageni ni vingi. Vya kuwafundishia viziwi raia ni haba mno.

Mwisho

Historia hii yaonyesha njia mbili, na kila moja imeacha pengo. Shule ya mbali iliwakusanya watoto na kuwapa lugha, lakini iliwatenga na nyumbani, na wengi haikuwafikia. Shule ya karibu imewafikia wengi, lakini bila lugha. Nchi yenye umbo la Rufiji haiwezi kuchagua moja na kuiacha nyingine. Linalofaa ni mahali pa kukusanyikia palipo karibu, kama Kibiti, ambapo barabara na njia za maji za delta hukutana: kitengo chenye bweni dogo, walimu waliosomea kazi hiyo katika chuo kama Patandi huko Arusha, na miongoni mwao watu wazima walio viziwi, kwa kuwa hao ndio wenye lugha. Kutoka hapo watoto warudi visiwani wakati wa likizo pamoja na wazazi waliofundishwa ishara za kutosha kuulizana habari. Na katika kila shule ya kijiji, awepo walau mwalimu mmoja ajuaye kumpima mtoto anayesemwa kwamba hasikii, kabla fimbo haijachukuliwa.

Kwa wataalamu wa lugha ipo kazi ambayo haitakiwi kungoja majengo. Ishara zinazotungwa nyumba kwa nyumba katika delta zastahili kukusanywa, kama vile maneno ya Kindengereko yalivyokusanywa, kwa kuwa nazo hufa pamoja na wenyewe. Na sarufi ya Kiswahili iliyopangwa kwa ajili ya mtu ajifunzaye kwa macho peke yake yangoja waandishi. Sarufi za wageni, za wamisionari na za maofisa zilikwisha kuandikwa tangu karne ya 19.